Yamane au Cochran, t au Mann-Whitney? Kuchagua kanuni ya takwimu kwa utafiti wa elimu

Kanuni za takwimu zinazotumika kwenye utafiti wa elimu si nyingi. Dazeni moja inatosha kumvusha mwanafunzi wa umahiri kutoka pendekezo la utafiti hadi siku ya kutetea tasnifu. Kinachokwamisha ni kwamba kanuni mbili huonekana pacha, zote zinatoa jibu lenye desimali, na moja tu ndiyo inayojibu swali ulilouliza. SPSS, programu ya kuchakata takwimu, haitakuzuia. Ukiiambia ipige wastani wa namba za simu za walimu, itapiga.

Hapa zimepangwa mbilimbili au tatutatu kwa mifano ya shule za Dar es Salaam. Alama za mifano ni za kubuni, lakini hesabu unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo (cha simu, si kile cha pensheni).

Ukubwa wa sampuli: Yamane, Cochran, Krejcie na Morgan

Yamane (1967): n = N / (1 + Ne²). N ni idadi ya walengwa wote, e ni kosa unalokubali kulivumilia, mara nyingi 0.05.

Cochran: n₀ = z²pq / e², ambapo z inatokana na kiwango cha uhakika (1.96 kwa 95%), p ni sehemu ya walengwa wenye jambo unalochunguza, na q ni 1 − p. Kisha unasahihisha kwa walengwa wanaohesabika: n = n₀ / (1 + (n₀ − 1)/N). Kwa z = 1.96, p = 0.5 na e = 0.05, n₀ ni 384.16.

Krejcie na Morgan (1970) walirahisisha kazi kwa jedwali: unatafuta N yako, unasoma n pembeni.

| Walengwa (N) | Yamane | Cochran iliyosahihishwa | Krejcie na Morgan |
|---|---|---|---|
| 120 | 93 | 92 | 92 |
| 500 | 223 | 218 | 217 |
| 1000 | 286 | 278 | 278 |
| 2400 | 343 | 332 | 331 |
| 10000 | 385 | 370 | 370 |

Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Yamane inazidi kidogo kwa sababu imetumia z = 2 badala ya 1.96; kwa p = 0.5, z²pq inakuwa 1 na kupotea machoni. Kubishana wiki nzima ipi kati ya hizi iingie sura ya tatu ya tasnifu ni kupoteza muda. Cochran ina faida moja tu: p inabadilika. Ukichunguza jambo linalowahusu kama 10% ya wanafunzi, n₀ inashuka hadi 139. Usikimbilie kufurahi, kwani kosa la 0.05 juu ya jambo la 10% ni nusu ya jambo lenyewe. Punguza e iwe 0.03 na utajikuta umerudi kwenye 385.

Tatizo lenyewe liko kwingine. Zote tatu zimetengenezwa kwa kazi moja: kukadiria asilimia kutoka sampuli nasibu sahili. Kama utafiti wako unalinganisha makundi mawili, mathalani waliofundishwa kwa vishikwambi na waliofundishwa kwa ubao, swali linakuwa ni tofauti ndogo kiasi gani unataka uweze kuiona. Kanuni ya haraka ni n = 16/d² kwa kila kundi, ambapo d ni tofauti ya wastani ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika). Hiyo inakupa uwezo wa 80% wa kuiona tofauti iliyopo, kwa kiwango cha 0.05 (yaani hatari ya 5% ya kuona tofauti isiyokuwepo). Tofauti ya ukubwa wa kati (d = 0.5) inadai watu 64 kila kundi; ndogo (d = 0.2) inadai 400 kila kundi. Yamane haijui lolote kuhusu d.

Halafu kuna jambo la shule. Hakuna anayechota wanafunzi mmoja mmoja kutoka Temeke nzima. Unachagua shule, unaingia darasani, unagawa hojaji. Wanafunzi wa shule moja wanafanana kwa mwalimu, mtaa na msongamano wa madawati, kwa hiyo wa arobaini anakuambia kidogo sana ambacho wa kwanza hakukuambia. Sampuli hupungua nguvu kwa kigawanyo hiki: 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni wanafunzi kwa kila shule na ρ ni kiwango cha kufanana ndani ya shule. Chukua ρ = 0.2. Shule 10 zenye wanafunzi 40 kila moja: kigawanyo ni 8.8, na wanafunzi wako 400 wana uzito wa 45. Shule 40 zenye wanafunzi 10: kigawanyo ni 2.8, na walewale 400 wana uzito wa 143. Ndiyo, shule 40 ni nauli nyingi na kuna siku utakesha kwenye foleni ya pantoni la Kigamboni, lakini ukilazimika kukata kitu, kata wanafunzi kwa kila shule kabla ya kukata shule.

Uaminifu wa hojaji: alfa ya Cronbach au KR-20

Hapa uchaguzi ni rahisi. Maswali ya mizani ya 1 hadi 5 yanatumia alfa ya Cronbach (1951): α = k/(k − 1) × (1 − jumla ya varianzi za maswali ÷ varianzi ya alama ya jumla). Varianzi ni mkengeuko sanifu uliopigwa kipeo cha pili. Maswali ya kupata au kukosa yanatumia KR-20 ya Kuder na Richardson (1937), ambayo ni alfa ileile iliyovaa nguo nyingine. Ukiweka 0 na 1 kwenye SPSS na kuomba alfa, umepata KR-20. Mdogo wake, KR-21, hudhani maswali yote yana ugumu sawa na hutoa namba ya chini zaidi. Iache isipokuwa huna majibu ya swali mojamoja.

Kwa maswali 10, jumla ya varianzi zao ikiwa 8 na varianzi ya alama ya jumla 20, α = 10/9 × 0.6 = 0.67. Watu wanalilia 0.70, na njia ya mkato ya kuifikia ni kuongeza maswali. Iangalie vizuri njia hiyo: maswali yenye uwiano dhaifu wa 0.2 kati yao yanatoa alfa 0.56 yakiwa 5, na 0.83 yakiwa 20. Hakuna kilichoboreka ila urefu wa karatasi.

Ukipata alfa hasi au iliyoanguka ghafla, usianze kwa kufuta maswali. Tafuta kwanza kauli hasi. "Napenda hisabati" na "Hisabati inanichosha" haziwezi kujumlishwa kabla hujageuza ya pili, 1 iwe 5 na 2 iwe 4. Pia usipige alfa moja kwa hojaji nzima yenye sehemu ya motisha, sehemu ya miundombinu na sehemu ya wazazi. Kila sehemu ina alfa yake.

Makundi mawili: jaribio la t, la Welch, la Mann-Whitney

Jaribio la t lilitolewa mwaka 1908 na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyechapisha kwa jina la "Student". Toleo la vitabuni hudhani makundi yote mawili yana mtawanyiko sawa. Welch (1947) aliondoa sharti hilo. Ushauri wetu ni mfupi: tumia Welch kila mara. Mtawanyiko ukiwa sawa hupotezi chochote cha maana. Ukitofautiana na makundi yakawa na ukubwa tofauti, toleo la kawaida linadanganya. Kwenye matokeo ya SPSS ni mstari wa pili wa jedwali, ule ambao wengi wanauruka.

Mfano: Mkondo A, wanafunzi 45, wastani 52, mkengeuko 14. Mkondo B, wanafunzi 45, wastani 46, mkengeuko 15.

Kosa sanifu = kipeuo cha pili cha (196/45 + 225/45) = 3.06
t = 6 / 3.06 = 1.96
Digrii za uhuru (zinazotokana na ukubwa wa makundi na mtawanyiko wake) ≈ 87.6, na mpaka ambao t inapaswa kuuvuka kwa kiwango cha 0.05 ni 1.99

Umekosa kwa nywele. Sentensi inayofuata kwenye tasnifu nyingi ni "hakuna tofauti kati ya mikondo", nayo si sahihi. Masafa ya imani ya 95% yanaanzia −0.1 hadi 12.1: data zako zinakubaliana na tofauti ya sifuri, na zinakubaliana pia na tofauti ya alama 12. Kilichopungua ni wanafunzi. Andika masafa hayo pamoja na d = 0.41, msomaji apime mwenyewe.

Kwenye Excel kazi hii ni =T.TEST(A2:A46,B2:B46,2,3). Namba ya mwisho ndiyo yenye mtego: 1 ni kwa jozi, 2 ni toleo la mtawanyiko sawa, 3 ni Welch. Excel haihoji ukikosea. Na ukipiga mkengeuko sanifu tumia STDEV.S, STDEV.P ni ya walengwa wote, si ya sampuli.

Mann-Whitney (1947) haitumii alama bali nafasi. Inafaa pale data zinapolalia upande mmoja, mfano maneno kwa dakika kwenye jaribio la kusoma la darasa la pili, ambako watoto kadhaa wanapata 0 na wachache wanasoma kama watangazaji wa redio. Hata data zikiwa na umbo la kengele, zisizolalia upande wowote, inabaki na karibu 95% ya ufanisi wa t, kwa hiyo si chombo cha maskini. Kosa la kawaida ni kuitumia kisha kuandika "wastani wa kundi A ni mkubwa kwa maana kitakwimu". Haijapima wastani. Imepima kama alama za kundi moja huelekea kuwa juu ya za jingine. Hata kusema "mediani zinatofautiana" kunahitaji maumbo ya makundi yafanane.

Swali la mizani ya 1 hadi 5 likiwa peke yake, tumia Mann-Whitney. Alama ya jumla ya maswali kumi ya namna hiyo, t inatosha.

Kabla na baada: eneo lenye makosa ya gharama kubwa

Wanafunzi 30 wamepimwa kabla na baada ya kambi ya masomo. Wameongezeka alama 5 kwa wastani, na mkengeuko wa tofauti za mtu mmojammoja ni 8. Jaribio la t la jozi: 5 / (8/√30) = 3.42, p ≈ 0.002 (p hapa si ile ya Cochran; ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama kwa kweli hakuna badiliko). Mtu akiziingiza data hizohizo kama makundi mawili tofauti, kila moja likiwa na mkengeuko 14, anapata t = 1.38, p ≈ 0.17. Watoto walewale, alama zilezile. Jozi inamlinganisha Asha na Asha. Ile nyingine inamlinganisha Asha na mtaa mzima. Ndiyo sababu ya kuandika namba ya mwanafunzi kwenye karatasi zote mbili. Ukikusanya hojaji zisizo na utambulisho mara mbili, umejifungia mlango wa jozi na hakuna wa kuufungua.

Lakini jozi peke yake haisemi kambi ndiyo iliyosaidia. Kundi likichaguliwa kwa udhaifu, litapanda lenyewe. Darasa lina wastani 50, waliochaguliwa wana wastani 30, na mtihani wa kwanza na wa pili vina uwiano wa 0.6 na mtawanyiko sawa: bila kufundishwa lolote la ziada unategemea wapate 50 − 0.6 × 20 = 38. Alama 8 za bure.

Kwa hiyo unaweka kundi la ulinganisho. Hapo njia ni tatu:

Ya kwanza ni kupiga t ya jozi kwa kila kundi peke yake, kuona kambi p = 0.03 na ulinganisho p = 0.08, kisha kutangaza ushindi. Hii imekosewa moja kwa moja. Hujalinganisha makundi, umelinganisha thamani za p.

Ya pili ni kutoa alama ya kabla kwenye ya baada kwa kila mwanafunzi, kisha kulinganisha maongezeko hayo kwa Welch. Ni halali na inaelezeka kirahisi kwa mwalimu mkuu.

Ya tatu ni ankova: alama ya baada inatabiriwa na kundi pamoja na alama ya kabla. Kama makundi yaligawanywa kwa kura, chagua hii. Nayo ni halali na ina nguvu zaidi. Kama umechukua mikondo kama ilivyo, na mkondo A ndio wenye vichwa, njia ya pili na ya tatu zinaweza kutoa majibu yanayopingana. Frederic Lord alilionyesha hilo mwaka 1967 na hadi leo linaitwa kitendawili chake. Kwa mikondo iliyokwisha kupangwa, ripoti zote mbili.

Hesabu za watu: kai mraba au Fisher

Wasichana 60: 42 wamefaulu, 18 hawakufaulu. Wavulana 60: 33 na 27. Matarajio ni 37.5 na 22.5 kwa kila jinsia. Jumla ya (O − E)²/E, O ikiwa idadi iliyoonekana na E matarajio, = 0.54 + 0.54 + 0.90 + 0.90 = 2.88. Mpaka kwa digrii 1 ya uhuru ni 3.84, hujafika.

Sasa angalia kosa linalotokea kila msimu: mtu anaingiza asilimia (70, 30, 55, 45) badala ya idadi. Kai mraba inaruka hadi 4.8 na tofauti "inaonekana". Kanuni imedhani una watu 200. Ingiza vichwa, usiingize asilimia.

Matarajio ya kisanduku yakiwa chini ya 5 kwenye jedwali la mbili kwa mbili, hamia Fisher. Ni matarajio yanayoangaliwa, si idadi uliyoiona. Na maswali ya "weka vema kwa yote yanayokuhusu" hayaingii kwenye kai mraba kwa mkupuo, maana mtu mmoja anahesabiwa mara kadhaa.

Uwiano: Pearson au Spearman

Pearson kwa alama halisi zenye uhusiano ulionyooka. Spearman (1904) kwa nafasi, madaraja, na data zenye mtu mmoja anayevuta mstari. Kwenye data za Baraza la Mitihani la Tanzania kuna mitego miwili ya kwetu.

Wa kwanza: matokeo ya kidato cha nne yanayotangazwa ni madaraja, si alama. C inaanzia 45 hadi 64, D inaanzia 30 hadi 44. Mwenye 45 na mwenye 64 ni sawa. Mwenye 44 na mwenye 45 wametengana hatua nzima. Hiyo ni data ya ngazi, tumia Spearman. Shule ikikupa alama za moko, hizo zina utajiri zaidi.

Wa pili: pointi zinakwenda kinyume. A ni 1, F ni 5, masomo saba bora yanajumlishwa, divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17. Mahudhurio mazuri yakienda na ufaulu mzuri, uwiano utatoka hasi. Kuna sura za nne zinazosema "mahudhurio yanashusha ufaulu" kwa sababu hiyo tu. Geuza kwa kutoa pointi kutoka 42 (7 iwe 35, 35 iwe 7), halafu endelea.

Kanuni ya Spearman ya 1 − 6Σd²/(n(n² − 1)), d hapa ikiwa tofauti ya nafasi mbili za mtu mmoja, ni sahihi pale ambapo hakuna nafasi zinazogongana. Kwenye madaraja zitagongana tu, kwa hiyo acha programu ipange nafasi kisha ipige Pearson juu yake.

Makundi matatu na kuendelea

Dar es Salaam ina halmashauri tano, yaani jozi 10. Ukipiga t kumi, kila moja kwa 0.05, uwezekano wa kupata angalau "ushindi" mmoja wa uongo ungekaribia 40% kama majaribio hayo yangekuwa huru; hapa yanategemeana, lakini bado unazidi 5% kwa mbali. Piga anova moja (jaribio linalolinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja), ya Welch, kisha Games-Howell kutafuta ni nani kamzidi nani. Kwa data za ngazi, Kruskal-Wallis (1952). Ukilinganisha na data za zamani kumbuka Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, Kigamboni kutoka Temeke, na Ilala tangu 2021 inasomeka kama Jiji la Dar es Salaam.

Rigresheni: ya mstari, ya lojisti, ya ngazi

Kinachotabiriwa kikiwa alama, rigresheni ya mstari. Kikiwa kufaulu au kutofaulu, ya lojisti. Green (1991) anapendekeza sampuli isiyopungua 50 + 8m kwa kupima modeli nzima, m ikiwa idadi ya vitabiri, hivyo vitabiri vitano vinadai 90.

Matokeo ya lojisti yanasomwa vibaya mno. Rudi kwa wale 120: wasichana wana 42/18 = 2.33 wanaofaulu kwa kila asiyefaulu, wavulana 1.22, na mgawanyo wake, ambao ndio lojisti huutoa, ni 1.91. Ukiandika "wasichana wana uwezekano wa kufaulu mara 1.91" umezidisha chumvi, 70% kwa 55% ni mara 1.27. SPSS ikikuonyesha .000 andika p < 0.001, kwa sababu p haijawahi kuwa sifuri.

Rigresheni ya ngazi ndiyo inayolipa lile deni la shule tuliloanza nalo, kwa kumweka mwanafunzi ndani ya shule yake. Programu za Jamovi na R zinaifanya bila malipo. Inahitaji shule nyingi, na chini ya 20 hivi makadirio yake ya tofauti kati ya shule yanayumba. Shule zikiwa mbili tu, moja ya jaribio na moja ya ulinganisho, hakuna kanuni yoyote itakayotenganisha athari ya mbinu na athari ya shule yenyewe. Dawa ipo kabla ya kukusanya data: ndani ya kila shule, mkondo mmoja upate mbinu mpya na mwingine usipate, na kura ipigwe mbele ya mwalimu wa taaluma.